Meli ndogo, hesabu kubwa: safari ya Windstar katika bahari ya anasa

Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2005, meli ya kitalii iitwayo Seabourn Spirit ilikuwa ikiteremka kusini kuelekea Mombasa, nayo imechukua abiria 151. Haikufika. Zaidi ya kilomita mia moja kutoka pwani ya Somalia, mashua mbili za maharamia ziliikimbiza na kuimiminia risasi na roketi, na nahodha akageuza njia akaelekea Ushelisheli. Meli hiyo ingali baharini, ingawa aliyeiona siku zile hataitambua kwa urahisi. Jina lake si lile, mmiliki wake si yule, na hata urefu wake si ule wa zamani, kwa kuwa ilikatwa katikati na kuongezwa pande jipya. Sasa inaitwa Star Breeze, nayo ni miongoni mwa meli za kampuni ya Windstar Cruises ya Marekani.

Tumeona tuwaletee wasomaji wetu habari za kampuni hii, si kwa sababu wengi wetu tutapanda meli zake, bali kwa sababu historia yake inauliza swali linalomhusu kila mwenye duka, mwenye shule na mwenye chombo. Kitu kinachopendwa kwa udogo wake kitabakije kidogo, na huku daftari la hesabu linakitaka kikue? Windstar imekuwa ikilijibu swali hilo kwa miaka arubaini, na kila jibu limekuwa na gharama yake.

Tanga linarudi

Windstar ilianzishwa mwaka 1984. Mwasisi wake mkuu alikuwa Karl Andren, mfanyabiashara wa vyombo vya majini mzaliwa wa Finland aliyekuwa akifanya shughuli zake New York. Ili tuifahamu fikra yake, yafaa tukumbuke hali ya dunia ya wakati ule. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mara mbili, mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na wenye meli walikuwa wakitafuta njia ya kupunguza gharama ya injini. Wahandisi wa kampuni ya Wärtsilä ya Finland wakarejea kwenye nguvu ambayo wanadamu waliitumia kwa maelfu ya miaka kabla ya injini, nayo ni upepo. Wakasanifu meli ya abiria yenye milingoti minne na matanga sita, isiyohitaji kundi la mabaharia kupanda juu wala kuvuta kamba. Kompyuta ndiyo ingelisoma upepo, ikayakunjua matanga na kuyakunja kwa muda wa dakika mbili hivi.

Meli ya kwanza, Wind Star, ilijengwa katika karakana ya Le Havre nchini Ufaransa na kukamilika mwaka 1986. Wind Song ilifuata mwaka 1987, na Wind Spirit mwaka 1988. Zote tatu zilikuwa za umbo moja: urefu wa takriban mita 134, matanga yenye eneo la karibu mita za mraba 2,000, na nafasi ya abiria 148 tu. Sehemu iliyozama majini ilikuwa na kina cha kama mita nne, kwa hiyo ziliweza kuingia katika ghuba na bandari ndogo za visiwa ambako meli kubwa hutia nanga mbali au hupita bila kusimama.

Hapa historia ilileta mzaha wake. Mwaka uleule wa 1986, Wind Star ilipokuwa ikianza kazi, bei ya mafuta duniani iliporomoka. Sababu ya kwanza ya kurudisha tanga ikawa imepungua uzito kabla meli haijamaliza msimu wake wa kwanza. Mtu angetarajia biashara hiyo ife palepale, lakini haikufa. Abiria walikuja kwa sababu nyingine kabisa: walipenda kusimama sitahani jioni na kuyatazama matanga yakifunguka, walipenda kula bila kupangiwa meza na saa, na walipenda kuwa miongoni mwa watu 148 badala ya elfu mbili. Meli hizi zina injini za dizeli zinazozalisha umeme, nazo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuzisukuma. Tanga lililowekwa ili kuokoa mafuta likageuka kuwa ndilo bidhaa yenyewe. Udogo nao ukawa bidhaa.

Mikononi mwa wakubwa

Bidhaa nzuri huvuta macho ya mwenye mtaji. Kabla miaka ya themanini haijamalizika, Holland America Line, kampuni kongwe yenye asili ya Uholanzi, ilikuwa imeinunua Windstar. Mwaka 1989 Holland America yenyewe ikaingia mikononi mwa Carnival, ambayo leo ndiyo kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya meli za kitalii. Hivyo meli tatu za matanga zikawa chini ya paa moja na meli zilizobeba abiria kwa maelfu.

Kuwa mtoto wa nyumba kubwa kuna faida zake. Nyumba hiyo ina mawakala wa kuuza tiketi, ina fedha za matengenezo, na ina nguvu ya kustahimili msimu mbaya. Kwa nguvu hiyo Windstar ilipata chombo chake kikubwa zaidi cha matanga. Karakana ileile ya Le Havre ilikuwa imejenga meli yenye milingoti mitano na matanga saba kwa ajili ya kampuni ya Kifaransa ya Club Med, ikaitwa Club Med 1 na kuanza kazi mwaka 1990. Windstar ikaichukua, na mwaka 1998 ikaanza kusafiri kwa jina la Wind Surf. Inabeba abiria zaidi ya 300, na hadi leo ni miongoni mwa meli kubwa za matanga duniani.

Lakini nyumba kubwa ina udhaifu wake pia. Mtoto mdogo hukumbukwa mwisho, na hesabu yake huonekana si kitu mbele ya hesabu za kaka zake. Kwa Carnival, meli moja ya kawaida ilileta abiria wengi kuliko meli zote za Windstar zikiwekwa pamoja.

Moto wa Tahiti

Mwanzoni mwa Desemba 2002, Wind Song ilikuwa katika maji ya visiwa vya Tahiti, katika bahari ya Pasifiki, ikiwa na abiria 127 na wafanyakazi 92. Moto ukazuka katika chumba cha injini. Watu wote walishushwa salama. Meli yenyewe haikuokolewa: uharibifu ulikuwa mkubwa mno kuweza kutengenezwa kwa faida, na mwanzoni mwa mwaka 2003 ilivutwa hadi kwenye kina kirefu ikazamishwa.

Tunaomba msomaji azitazame hesabu za usiku ule kwa makini. Abiria 127 na wafanyakazi 92 maana yake ni kwamba kwa kila abiria wanne kulikuwa na wafanyakazi karibu watatu. Huo ndio uwiano wa anasa, na ndio siri ya gharama yake. Katika saa ya hatari uwiano huo ni rehema, kwa maana kila abiria ana mtu wa karibu wa kumwongoza kwenye mashua ya kuokolea. Katika siku za kawaida uwiano huohuo ni mzigo mzito kwenye daftari, na ndio uliokuja kuitikisa kampuni miaka michache baadaye.

Kufilisika, na mnunuzi mpya

Mwaka 2007 Carnival iliiuza Windstar kwa kampuni ya Ambassadors International ya Marekani kwa dola milioni 100. Mnunuzi huyo alikuwa pia na meli za mitoni huko Marekani, na biashara hiyo ikaleta hasara mpaka ikasimamishwa mwishoni mwa mwaka 2008. Wakati huohuo msukosuko wa fedha wa dunia ulikuwa umeingia, na watu waliozoea kulipia safari za anasa wakafunga mikoba yao. Aprili 2011 Ambassadors ilikwenda mahakamani kuomba hifadhi ya sheria ya kufilisika.

Mwezi uliofuata Windstar ilinunuliwa na Xanterra, kampuni ya Marekani inayoendesha hoteli katika mbuga za taifa za nchi hiyo, ambayo ni mali ya tajiri Philip Anschutz wa Denver. Bei ilikuwa dola milioni 39. Kitu kilichonunuliwa kwa milioni 100 kikauzwa kwa milioni 39 baada ya miaka minne, na meli zenyewe ni zilezile tatu: Wind Star, Wind Spirit na Wind Surf. Hazikuwa zimepungua hata mlingoti mmoja. Kilichopungua ni imani ya watu kwamba udogo unaweza kulipa.

Mnunuzi mpya alizitengeneza meli hizo, kisha akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Hakuagiza meli mpya ya matanga. Alitafuta meli ndogo zilizokwisha kuzeeka katika nyumba nyingine.

Ndugu watatu wa Bremerhaven

Tulitaja hapo mwanzo meli ya Seabourn Spirit. Kampuni yake, Seabourn, ilianzishwa mwaka 1986 na Atle Brynestad, mfanyabiashara wa Norway, kwa lengo la kuwahudumia wasafiri wenye uwezo mkubwa katika meli za vyumba vichache. Karakana ya Bremerhaven, Ujerumani, ilimjengea Seabourn Pride mwaka 1988 na Seabourn Spirit mwaka 1989. Seabourn Pride ilizinduliwa na Shirley Temple Black, aliyepata umaarufu wa sinema tangu utotoni na baadaye akawa balozi wa Marekani nchini Ghana. Meli ya tatu ya umbo hilo ilijengwa mwaka 1992 kwa kampuni nyingine, ikabadilishwa majina kabla ya kuitwa Seabourn Legend. Kila moja ilibeba abiria wasiozidi 212.

Seabourn nayo iliishia katika nyumba ya Carnival. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa meli za Windstar na za Seabourn zilikuwa ndugu wa baba mmoja bila ya kusafiri pamoja.

Ni katika kipindi hicho ndipo Seabourn Spirit ilipokutana na maharamia. Ilikuwa imetoka Alexandria, Misri, ikapita Bahari ya Shamu, na bandari ya Mombasa ilikuwa mbele yake. Maharamia walipofyatua risasi, meli haikuwa na bunduki za kujibu. Ilikuwa na mpira wa maji wa zimamoto, na ilikuwa na mtambo wa kurusha sauti kali inayoumiza masikio kwa mbali. Maofisa wake wawili wa usalama walivishika vyombo hivyo na kusimama sitahani: Som Bahadur Gurung, askari wa zamani wa kikosi cha Gurkha, na Michael Groves, aliyekuwa polisi. Gurung alijeruhiwa kwa vipande vya chuma, na mwenzake akamvuta kutoka penye hatari huku akiendelea kuwaelekezea maharamia mtambo wa sauti. Nahodha akaongeza mwendo akaelekea bahari kuu, mpaka mashua zikaachwa nyuma. Hakuna abiria aliyejeruhiwa. Maofisa hao wawili walitunukiwa heshima za ushujaa na Malkia wa Uingereza mwaka 2007.

Abiria 151 si wengi kwa mji kama Mombasa. Lakini habari za siku ile zilizunguka dunia nzima, na katika miaka iliyofuata uharamia wa Somalia ulizidi, hata meli nyingi za kitalii zikaikwepa njia ya pwani yetu. Meli ikikwepa, hasara haiishii kwenye ada ya bandari. Inamfika dereva wa gari la watalii, mtembezaji wa Fort Jesus, muuza vikoi na mama wa viungo katika mitaa ya Mji wa Kale. Mashua mbili za wahalifu ziliweza kufunga riziki ya watu ambao hawakuzijua wala hazikuwajua.

Mwaka 2013 Windstar ilitangaza kuwanunua ndugu hao watatu. Seabourn Pride ikawa Star Pride mwaka 2014. Seabourn Spirit ikawa Star Breeze, na Seabourn Legend ikawa Star Legend, zote mbili mwaka 2015. Hazina matanga, lakini zina kitu kilichowafanya wawe jamaa wa kweli wa Wind Star: zilijengwa kwa ajili ya watu wachache.

Kukatwa katikati

Meli sita ndogo ni bora kuliko tatu, lakini hesabu ikarudi palepale. Nahodha wa meli ya abiria 212 halipwi nusu ya mshahara kwa kuwa meli yake ni ndogo. Rubani wa bandari, mpishi mkuu, daktari na fundi mkuu wa injini, wote wanahitajika ikiwa abiria ni mia mbili au mia tatu. Gharama za namna hii hugawanywa kwa idadi ya vichwa, na vichwa vikiwa vichache kila kimoja hulipa zaidi.

Mwaka 2018 Windstar ikatangaza mpango wa dola milioni 250 kwa meli zake tatu za Star. Kila moja ingepelekwa katika karakana ya Fincantieri huko Palermo, Italia, ikatwe kwa upana, sehemu ya mbele isogezwe, na katikati yake lipachikwe pande jipya la urefu wa mita 25.6. Kisha mabomba, nyaya na njia za maji za pande tatu ziungwe upya ziwe mwili mmoja, na injini zibadilishwe. Vyumba 50 vingeongezeka, na abiria wangetoka 212 hadi 312.

Star Breeze ndiyo iliyotangulia kuingia karakanani. Ilipokuwa imelala ikiwa vipande, ugonjwa wa Korona ukaingia duniani. Italia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa mapema, karakana ikasimama, na safari za meli za kitalii zikakoma kila mahali. Kampuni ikawa na meli ambazo hazikuweza kusafiri na nyingine ambayo ilikuwa haijaungwa. Hatimaye Star Breeze ilirudi kazini Juni 2021, na ndugu zake wawili wakaifuata.

Tujiulize basi: je, meli ya abiria 312 bado ni ndogo? Jibu linategemea inapimwa kwa kipimo gani. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina urefu wa mita 365 na huchukua abiria 5,610 vyumba vyake vikikaliwa na watu wawili wawili. Meli sita za Windstar tulizozitaja, zikijaa zote kwa pamoja, haziwafikishi hata theluthi ya abiria wa meli hiyo moja. Lakini kwa abiria mzoefu aliyeizoea Star Breeze ya watu 212, watu mia moja zaidi kwenye ngazi ya kushukia pwani si jambo la kudharauliwa. Yaonyesha kampuni yenyewe iliutambua mpaka huo. Ilipotangaza kuongeza meli mbili zaidi, Star Seeker na Star Explorer, ilichagua ziwe za abiria 224 kila moja, chini ya wale 312.

Walio chini ya sitaha

Haitakuwa haki kuandika juu ya anasa bila ya kuwataja wanaoitengeneza. Tangu zama za Holland America, wafanyakazi wengi wa meli hizi wametoka Indonesia na Ufilipino. Hukaa baharini miezi mingi mfululizo, na mshahara wao ndio ada ya shule na paa la nyumba huko walikotoka. Meli zenyewe zimesajiliwa Bahamas, mmiliki yuko Marekani, abiria wametoka kila upande, na mhudumu ni mtoto wa kijiji cha mbali. Mgogoro ukitokea, ni sheria ya nani itakayomlinda?

Swali hilo ndilo lililozaa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Mkataba huo unaweka viwango vya saa za kupumzika, matibabu, malazi na kurudishwa nyumbani. Kuna kifungu ambacho tungependa kila mzazi wa pwani akijue, kwa kuwa vijana wetu nao wanatafuta kazi hizi: wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za pasipoti na hati nyingine za kusafiria, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Visa si juu yake. Kijana akiambiwa auze shamba la urithi ili alipie nafasi melini, familia ijue kwamba hapo pana walakini.

Faida ya kubaki mdogo

Katika miaka arubaini Windstar imepita mikononi mwa mwasisi wake, Holland America, Carnival, Ambassadors na Xanterra. Imepoteza meli moja kwa moto, imefilisiwa na makosa ya biashara isiyokuwa yake, na imezikata meli zake tatu ili zilipe. Kila mmiliki alikuja na nia ya kuikuza. Waliofaulu ni wale waliofahamu kwamba kuna kikomo ambacho ukikivuka unakuwa umeuza kitu kingine kwa jina lilelile.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili katika ujenzi wa vyombo. Fundi wa jahazi huulizwa kwanza chombo kitakwenda wapi na kitapakia nini, kisha ndipo huchagua urefu wa mkuku. Chombo cha mlangoni mwa mto hakijengwi kwa kipimo cha safari ya Arabuni. Mwenye chombo anayetaka kuongeza shehena sharti ajue kina cha maji ya bandari anayoitegemea, kabla hajamwita fundi mwenye msumeno.